Aya Kwanza, Mdundo Baadaye: Funzo kutoka kwa Jirani Zetu Wanaofoka Injili



Katika miezi michache iliyopita wazazi kadhaa wametuuliza swali moja kwa maneno mbalimbali. Vijana wetu wa kikundi cha kaswida wameomba ruhusa ya kuingiza katika kaswida zao ule mtindo wa kufokafoka ambao wao huuita rap, na wazazi wamegawanyika. Wengine wanasema huo ni muziki wa mitaani, hauna nafasi katika mambo ya dini. Wengine wanasema afadhali kijana afoke sifa za Mtume, rehema na amani zimshukie, kuliko kufoka matusi. Sisi hatukusomea fiqhi, na hukumu ya ala na ngoma tunawaachia mashekhe wetu, ambao wenyewe wamekhitilafiana kwa karne nyingi. Lakini tumefundisha skuli kwa zaidi ya miaka thelathini, na ndani ya swali hili mna swali jingine ambalo ni la mwalimu: je, wimbo waweza kufundisha maandiko? Na ukishaanza kufundisha, ni kitu gani kitakachouzuia usiteleze ukawa burudani tupu?

Jibu tumelipata mahali ambapo hatukupatazamia, nako ni kwa jirani zetu Wakristo.

UKUMBI MMOJA, VIKUNDI VIWILI

Kama wengi wenu mjuavyo, madrasa yetu ya Jumamosi haina jengo lake. Tunakodi ukumbi wa chini wa kanisa moja hapa Philadelphia, na funguo tunakwenda kuzichukua Ijumaa jioni. Jioni hiyo hiyo ukumbi hutumiwa na vijana wa kanisa, wapatao kumi na wawili, wenye huduma ya kufoka Injili. Kiongozi wao ni mchungaji kijana, mtu wa adabu, ambaye tangu siku ya kwanza ametuita Mwalimu na hakosi kutuwekea kiti.

Safari ya kwanza tulishuka ngazi tukitazamia kelele. Tulichokikuta ni darasa. Kwa muda wa saa nzima vipaza sauti vilikuwa vimefungiwa kabatini. Vijana walikaa duara, Biblia mapajani, wakasoma sura nzima kwa zamu, wala si aya moja iliyonyofolewa. Kisha mchungaji akauliza maswali ambayo mwalimu yeyote angeyatambua: Nani anasema hapa? Anamwambia nani? Kabla ya maneno haya kumetokea nini? Baada ya hapo waligawanyika wawili wawili kuandika mistari yao, na kila wawili walipomaliza walimpelekea mzee mmoja wa kanisa, mstaafu kama sisi, aliyekaa pembeni na kalamu nyekundu. Mstari usiokuwa na msingi katika sura iliyosomwa aliukata. Ndipo kabati likafunguliwa.

Tulirudi nyumbani tukiwa na fikra. Ilikuwa imetupasa kukiri kwamba vijana wale walikuwa wakisoma kwa bidii kuliko wanafunzi wengi tuliowahi kuwasomesha.

SANAA YENYE MANENO MENGI

Yafaa tueleze kidogo khabari ya sanaa hii kwa wazazi wasioijua. Hip-hop ilizaliwa New York, na siku inayotajwa kuwa ya kuzaliwa kwake ni tarehe 11 Agosti 1973, katika sherehe iliyofanywa mtaa wa Bronx, jengo nambari 1520 la barabara ya Sedgwick Avenue, ambako kijana mwenye asili ya Jamaica aliyejulikana kwa jina la DJ Kool Herc alikuwa akipiga santuri. Wakristo hawakukawia kuichukua. Mwaka 1985 Stephen Wiley, mtu wa Oklahoma, alitoa kanda iliyoitwa Bible Break, na wimbo wenye jina hilo uliwatajia watoto vitabu vya Biblia ili wavihifadhi. Tangu mwanzo basi, kufundisha kulikuwa ndani ya mtindo huu.

Ubeti wa rap kwa kawaida huwa na mistari 16, na kila mstari mapigo manne. Kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, ubeti mzima humalizika chini ya sekunde 45, na ndani yake mfokaji aweza kutia maneno mia na hamsini au zaidi. Wimbo wa beti tatu hubeba maneno mengi kuliko nyimbo nyingi za kawaida za kanisani. Penye maneno mengi pana nafasi kubwa ya kufundisha, na pana nafasi kubwa vile vile ya kupotosha.

Mji wetu huu una sehemu yake katika historia hiyo. Kundi la The Cross Movement lilianzia hapa Philadelphia katika miaka ya 1990, likatoa albamu ya Heaven's Mentality mwaka 1997, na baadaye likamaliza safari yake. Mmoja wa viongozi wake, William Branch, ajulikanaye kama The Ambassador, hakutosheka na kipaji. Alikwenda kusoma theolojia katika chuo cha Dallas Theological Seminary. Baada yao akatokea Shai Linne, mtu wa mji huu huu, ambaye albamu zake zimepangwa mithili ya mtaala. The Atonement ya mwaka 2008 yahusu imani yao ya upatanisho, The Attributes of God ya mwaka 2011 yahusu sifa za Mungu, na mwaka 2013 akaanza mfululizo alioupa jina la Lyrical Theology.

Itikadi iliyomo humo si yetu, na katika mambo ya Nabii Isa, amani iwe juu yake, sisi na wao tumeachana njia waziwazi. Hilo watoto wetu lazima walijue, wala hatuwashauri wazazi wawape kanda hizo kuwa mafundisho. Lakini mwalimu akiona somo lililopangwa hawezi kusema hakuliona.

MVUTANO WA JUKWAA

Wenyewe kwa wenyewe Wakristo hawakubaliani juu ya jambo hili. Novemba 2013 jopo la wazungumzaji wa dini liliulizwa juu ya rap ya Kikristo. Wazungumzaji waliilaumu, na baadhi ya maneno yalikuwa makali mno hata ikabidi radhi kuombwa baadaye. Kwa upande wa pili wapo wanaosema kwamba mfokaji Mkristo si lazima afundishe Biblia katika kila wimbo.

Mfano ulio mashuhuri ni wa Lecrae, mzaliwa wa Houston, aliyeshiriki kuanzisha Reach Records mwaka 2004. Kundi lao la 116 limechukua jina lake katika Waraka kwa Warumi, sura ya 1, aya ya 16. Albamu zake za mwanzo zilijaa mafundisho. Mwaka 2013 albamu yake ya Gravity ilipata tuzo ya Grammy, na Septemba 2014 albamu ya Anomaly ikashika nambari moja katika orodha ya Billboard 200, orodha inayojumlisha muziki wa kila namna. Katika miaka hiyo alieleza kwamba msanii Mkristo ana haki ya kusema juu ya maisha yote, si mafundisho ya kanisa peke yake. Baadhi ya wapenzi wake wa zamani walinung'unika kwamba amewaacha. Wengine walifurahi kwamba sasa anasikika hata na wasioingia kanisani.

Sisi hatuna hukumu ya kutoa katika shauri lisilo letu. Tunaona tu kwamba hizo ni kazi mbili. Seremala mcha Mungu hutengeneza meza nzuri, na mwalimu wa dini hufundisha dini. Wote wawili wana heshima yao. Balaa huja pale mtu anapofanya kazi moja huku akiitangaza kwa jina la nyingine. Huduma iliyojitambulisha kuwa inafundisha maandiko ina deni kwa msikilizaji, nalo ni maandiko.

YUSUF ALIYEGEUZWA

Deni hilo tulilishuhudia kwa macho yetu. Mwanzoni mwa mwaka jana vijana wa ukumbi wetu walialikwa kutumbuiza katika tamasha kubwa la kiangazi. Ilikuwa furaha, na mchungaji mwenyewe alifurahi. Lakini tangu siku hiyo ile saa ya kwanza ikaanza kuliwa kidogo kidogo. Kwanza zilikwenda dakika kumi za kujaribu vyombo. Kisha ikaenda nusu saa ya mazoezi ya namna ya kutembea jukwaani. Mwisho vipaza sauti havikurudi tena kabatini. Yule mzee wa kalamu nyekundu akawa anakuja, anakaa, na anarudi nyumbani bila ya kupewa karatasi hata moja. Hakuna aliyemfukuza, hakuhitajiwa tu.

Ijumaa moja, tukingojea funguo, waliufanyia mazoezi wimbo wa Yusuf. Kiingereza cha vijana hutupita masikioni, lakini kiitikio hurudiwa, nacho tukakishika. Yusuf wa wimbo ule ametupwa shimoni na ndugu zake, kisha amekuwa mkubwa Misri. Ndugu wanakuja na njaa yao. Naye anawapigisha magoti, anawauliza sasa nani mkubwa, anawacheka, na wimbo unaishia katika kicheko hicho. Mdundo ulikuwa wa kukufanya upige mguu chini. Na khabari ilikuwa ya uongo.

Hakuna mtoto wa madrasa yetu asiyejua kwamba katika Sura ya 12 Yusuf, amani iwe juu yake, aliwasamehe ndugu zake papo hapo walipomtambua, asiwalaumu, akawaombea maghufira kwa Mola wake. Na katika kitabu cha vijana wale wenyewe, Mwanzo sura ya 45, Yusuf analia na kuwakumbatia; na katika sura ya 50, ndugu walipohofu kwamba baada ya kufa baba yao atalipiza kisasi, anakataa kujiweka mahali pa Mungu. Mambo mengi yanatutenganisha, lakini hapa vitabu vyote viwili vinasema jambo moja, na wimbo ule ulisema kinyume cha vyote viwili.

Tulisita. Ukumbi si wetu, dini si yetu, na mpangaji hana adabu akianza kumsahihisha mwenye nyumba. Hata hivyo waswahili wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulipopewa funguo tukamwuliza mchungaji kwa sauti ndogo pale ngazini: wimbo huu umetoka katika sura gani? Alifungua mdomo kujibu, kisha akaufunga. Akatushukuru, akatutakia usiku mwema.

Ijumaa iliyofuata tulikuta kabati limefungwa tena. Karatasi ya wimbo ilikuwa imewekwa mezani ubavuni mwa Biblia iliyofunuliwa. Kijana aliyeutunga, na ndiye mwenye sauti bora kuliko wote, alijitetea kwa hoja iliyotupendeza: si imeandikwa kwamba ndugu walimsujudia? Mzee wa kalamu nyekundu akamjibu: Ndiyo, walisujudu, sasa tusomee yeye Yusuf alifanya nini. Kijana akasoma. Alipofika pahala pa kilio sauti yake ilipungua, akanyamaza. Kisha akasema jambo ambalo naona kila mwalimu na kila mzazi alipime: kwamba watu hawatapiga makofi kwa mtu anayelia.

Mchungaji akaamua. Saa ya kwanza itarudi, hata ikibidi waende kwenye tamasha na nyimbo tatu badala ya sita. Kijana yule na mwenzake mmoja waliondoka wiki ile ile. Waliobaki waliuandika upya wimbo wa Yusuf, wakaufanya wa mwendo wa pole, na kiitikio chake kikawa ni kile kilio. Walikwenda na nyimbo zao tatu. Makofi, tulivyoambiwa, yalikuwa ya wastani. Kijana aliyeondoka hajarudi hadi leo. Mchungaji humpigia simu kila Alhamisi, na kiti chake katika duara hakijaondolewa.

KWA NINI ILITOKEA

Wale si vijana waovu, wala hawakukusudia kuharibu kitabu chao. Tumelifikiri sana jambo hili na tumeona sababu yake ni hii: kila sanaa ina mazoea yake, na mazoea hayo huyavuta maandiko upande wake. Hip-hop imekulia katika majigambo na mashindano. Mtu aliyedharauliwa anainuka, anawashinda waliomdharau, na anawaambia hivyo usoni. Ukimtia Yusuf katika mtindo huo bila ya kuwa na kitabu mkononi, mtindo utammalizia hadithi yake kwa namna uliyoizoea. Mtungaji hatajua kuwa amepotea, kwa sababu mistari yake itakuwa na vina na mdundo utakuwa sawa.

Nasi tusijione tumesalimika. Katika maulidi yetu ya mwisho vijana walisoma kaswida kwa dakika ishirini, kwa sauti nzuri, na wazee tulitokwa na machozi. Baadaye tukawauliza watatu kati yao maana ya kaswida ile. Walijua mahaba yake, hawakujua maneno yake. Kwa jirani zetu mdundo uligeuza maana. Kwetu mahadhi yaliizika maana tangu zamani, na hakuna aliyeona kuwa kuna kasoro.

Wala wazee wetu hawakuwa hivyo. Habib Swaleh wa Lamu, aliyefariki mwaka 1935, alilaumiwa na baadhi ya wakubwa wa mji kwa ajili ya matwari yaliyopigwa katika maulidi yake. Lakini pale Riyadha, pamoja na matwari, palikuwa na darsa, na waliofundishwa walikuwa pamoja na watu wanyonge ambao wengine hawakuona haja ya kuwafundisha. Matwari yaliwaita watu, na darsa liliwapokea. Hapa Marekani nako, kundi la Native Deen, lililoanzishwa mwaka 2000 na vijana wa Kiislamu wa eneo la Washington, limejulikana kwa kuimba kwa sauti na ngoma bila ya ala nyingine, na mtindo wa rap wanautumia. Kwa hiyo vijana wetu hawakuzua jambo.

MAMBO MANNE

Kutokana na tuliyoyaona katika ukumbi ule, tunawawekea wazazi na vijana mambo manne ya kuyatafakari.

Kwanza, saa ya darasa itangulie, na isiguswe. Huduma ya jirani zetu iliharibika kwa dakika kumi kumi. Hakuna aliyesimama akasema tuache kusoma maandiko. Saa ikishaanza kumegwa, itaendelea kumegwa.

Pili, awepo msomaji mwenye kalamu ambaye yeye mwenyewe haimbi. Mwimbaji husikia sauti yake, mpiga ngoma husikia ngoma yake. Lazima awepo mtu asiyetazamia makofi, aijuaye aya, na mwenye ruhusa ya kukata mstari hata kama una vina vizuri.

Tatu, kiitikio kipimwe kwa ukali kuliko beti. Beti msikilizaji huzisikia mara moja, pengine asizishike. Kiitikio hurudi nacho nyumbani, akakiimba jikoni na katika gari. Kosa la kiitikio ndilo litakalobaki kichwani mwa mtoto kwa miaka arubaini.

Nne, kipimo kiwe ni kile msikilizaji alichokishika, na makofi yasihesabiwe. Baada ya kuimba, waulizwe watoto watatu waliokaa nyuma: mmejifunza nini, na kimetoka wapi? Wakijibu, huduma ina uhai. Wasipojibu, tumewaburudisha, na tuseme wazi kwamba tumewaburudisha. Na mwaliko wa kwenda kwenye majukwaa makubwa uamuliwe na watu wasiopanda majukwaa hayo.

Basi rai yetu kuhusu ombi la vijana wetu ni hii. Kabla hatujabishana juu ya rap, vijana watuletee tafsiri ya kaswida tatu ambazo tayari wanazisoma, waliyoiandika wenyewe kwa msaada wa ustadhi, na watusomee mbele ya wazazi. Atakayeweza kutueleza anachokisifu tutakaa naye chini na mashekhe kuzungumza habari ya mdundo. Asiyeweza, hata tukimnyima rap hatutakuwa tumeokoa kitu.

Karatasi ya kujiandikisha tumeibandika mlangoni mwa ukumbi, juu kidogo ya ratiba ya jirani zetu. Kalamu nyekundu tutakuja nayo wenyewe.

Wabillahi tawfiq.